Mombasa hadi New York: ni kilomita ngapi hasa, na mbona kwenda kunachukua muda mrefu kuliko kurudi?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum jamaa. Mamangu atasafiri Disemba kutoka hapa Mombasa mpaka New York, peke yake, na umri umesonga. Nataka mahesabu yakae sawa kabla sijalipa tiketi.

Kila nikitafuta umbali napata nambari tofauti: 6,393, 7,358, 11,840, kwengine 12,260. Ipi ya kweli?

La pili ni saa. Ratiba niliyoonyeshwa inasema anaondoka Nairobi 23:15 na kufika New York 06:15, kama kwamba ni safari ya saa saba. Kurudi anaondoka 12:30 na kufika Nairobi 10:15 ya siku ya pili, kama kwamba ni karibu saa ishirini na mbili. Kuna watu wanasema ni kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo anayekwenda magharibi hupokewa njiani na mji anaouendea. Ni kweli?

La tatu, kufika Nairobi kwenyewe: treni ya SGR au ndege?

Uzi na Tufe

Wa aleikum salaam dada. Nianze na umbali, kwa sababu nambari zako zote nne ni sahihi, ila hazipimi kitu kimoja.

11,840 ni kilomita kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York. Umbali huohuo ni maili 7,358 za nchi kavu, ambazo Wamarekani huzitumia, na ni maili 6,393 za baharini, ambazo marubani huzitumia. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu ni 1.609. Tovuti nyingi huandika "maili" tu bila kusema za wapi, na hapo ndipo watu wanapotea. 12,260 ni kilomita kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi New York bila kupitia popote.

Sasa angalia jambo hili. Mombasa hadi Nairobi kwa anga ni kama kilomita 423. Jumlisha na 11,840, unapata 12,263. Yaani ukipitia Nairobi huzunguki hata kidogo! Nairobi iko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka wa kutoka Mombasa kwenda New York. Miji ya kupitia mara nyingi hukupotezea kilomita mamia, wakati mwingine maelfu. Huu haukupotezei kitu.

Usipime kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Ramani ile imetandazwa, na ukichora mstari utaona unakatiza Kongo, Nigeria na Mali kisha bahari tupu. Chukua tufe na uzi, vuta uzi kati ya miji miwili mpaka ukaze. Utapanda kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, kona ya kusini-magharibi ya Sudan, Chad, Niger, Algeria, Moroko, halafu bahari ya Atlantiki karibu na visiwa vya Azores. Nusu ya njia inaangukia jirani na Marrakech. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba safari ya Amerika nusu yake nzima ni kulivuka bara letu wenyewe, tena sehemu kubwa ni Sahara.

Ndege haifuati uzi huo barabara. Anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na anga ya Libya nayo huepukwa, kwa hiyo waongozaji hupanga njia ya pembeni. Ongeza kilomita 200 hadi 400 kwenye hesabu ya uzi, hutakosea sana.

Omo na Tezi

Hilo la dunia kuzunguka nalisikia kila mara, na si kweli. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege inaelea ndani ya hewa hiyo. Ingekuwa kweli, ungeruka juu Mwembe Tayari na kutua Changamwe. Tena angalia ratiba yenyewe: anayekwenda magharibi ndiye anayechelewa.

Kinachofanya kazi ni upepo. Huko juu, kati ya kilomita 9 na 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki ya kaskazini. Wakati wa baridi yao, yaani Disemba hadi Februari, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na pengine 300 katikati ya mkondo. Anayekwenda New York unamkabili wa omo, yaani wa mbele; anayerudi unamsukuma wa tezi, yaani wa nyuma. Mabaharia wa hapa hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Hesabu yake ni hii. Tuchukue njia ya kilomita 12,200. Ndege aina ya Boeing 787 hukata hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa. Upepo mkali haumkuti njia nzima. Kutoka Nairobi hadi Sahara ya kati hakuna cha kuhesabu, unaanza kuuma kuanzia Moroko na kuendelea. Kwa hiyo tuchukue wastani wa kilomita 50 kwa saa kwa safari nzima.

Kwenda: 900 toa 50 ni 850. 12,200 gawa kwa 850 ni kama saa 14 na dakika 20.
Kurudi: 900 jumlisha 50 ni 950. 12,200 gawa kwa 950 ni kama saa 12 na dakika 50.

Tofauti ni saa moja na nusu, kwa kilomita zilezile. Ongeza kutambaa ardhini na kusubiri zamu ya kuruka au kutua, na pale Kennedy foleni ya ndege si mchezo, dakika 20 hadi 40. Muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapong'oka maegeshoni hadi inaposimama maegeshoni upande wa pili, na mashirika huongeza dakika za akiba. Ndiyo sababu unaona saa 15 kwenda na karibu saa 14 kurudi.

Kuna siku mpangaji wa safari ataizungusha ndege kilomita 300 zaidi ili akwepe kiini cha upepo, na ikawahi kuliko ingepita njia fupi. Kwa hiyo mama akiona kwenye skrini ndege inapinda kaskazini au kusini asishtuke.

Uzi na Tufe

Nimalizie la saa za ratiba. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Kenya hatubadilishi saa mwaka mzima. New York wanabadilisha: Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha nyuma. Disemba wako nyuma yetu kwa saa 8. Juni na Julai kwa saa 7.

Anaondoka 23:15, ongeza saa 15, ni 14:15 ya kesho yake kwa saa ya Nairobi. Toa 8, ni 06:15 New York. Kurudi: 12:30 ya New York ni 20:30 ya huku, ongeza saa 13 na dakika 45, ni 10:15 asubuhi. Hesabu imekaa.

Na tahadhari moja ambayo huwakosesha watu ndege kabisa. Tiketi hutumia saa 24, na siku yao inageuka saa sita ya usiku. 23:15 ni saa tano na robo usiku, hiyo haina utata. Lakini ukipata ndege ya, tuseme, 00:40 tarehe 12, mtu anafika uwanjani usiku wa tarehe 12 baada ya isha na ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita. 00:40 ya tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12; uwanjani anatakiwa tarehe 11 jioni. Mwandikie mama kwa maneno kwenye karatasi: "Alhamisi jioni nenda uwanjani", si nambari tupu.

BintiKibokoni

Shukran sana, sasa naelewa. Swali la nyongeza: kama Nairobi iko juu milimani na Mombasa iko usawa wa bahari, je, kuruka kutoka hapa moja kwa moja kusingekuwa rahisi zaidi? Na zile njia za Istanbul, Dubai na Addis zikoje?

Karakana ya Port Reitz

Swali zuri, kwa sababu umegusa penyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa ya urefu huo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya huku pwani. Mabawa yanapata nguvu kidogo ya kuinua, na injini zinapata msukumo mdogo. Ndege inalazimika kukimbia masafa marefu zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Nairobi inazidi kilomita 4, ilhali ya Moi ni kama kilomita 3.35.

787-8 uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni karibu tani 228. Hula mafuta kama tani 5 kwa saa, kwa hiyo safari ya saa 15 ni tani 75 hivi, bila akiba ya kwenda uwanja mwingine na ya kusubiri angani. Hewa ikiwa nyepesi, na tena ikiwa moto, kila tani ya mafuta inayoongezwa inapunguza tani ya shehena. Ndiyo faida ya kuruka usiku: Nairobi usiku kuna baridi, hewa inakuwa nzito, na ndege inabeba zaidi. Saa ile ya 23:15 haikuwekwa kwa ajili ya kuwasumbua watu.

Kwa upande wa hewa, basi, Mombasa ingekuwa na nafuu ya urefu, ingawa joto letu lingerudisha nyuma sehemu ya nafuu hiyo. Kinachozuia si hewa. Ndege ya viti 234 inahitaji kujaa mara kadhaa kwa wiki, na abiria hao wanakusanywa Nairobi kutoka kanda nzima. Tena uwanja unaorusha ndege kwenda Marekani moja kwa moja lazima ukubaliwe na Wamarekani kwa usalama wake. Kenya ilipewa daraja la kwanza la usalama wa anga na mamlaka yao Februari 2017, ukaguzi wa uwanja wa Jomo Kenyatta ukafanywa, na Kenya Airways ikaanza safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018.

Addis ina tatizo lilelile, tena kubwa zaidi: uwanja wa Bole uko mita 2,334. Kwa miaka mingi Ethiopian wamekuwa wakitua njiani kuongeza mafuta wakienda Marekani, na wakati wa kurudi wanapita moja kwa moja. Kwa hiyo ukiona ratiba yao ina kituo cha ziada wakati wa kwenda tu, sababu ni mlima na upepo kwa pamoja.

Istanbul: kutoka Moi ni kama kilomita 5,150, kisha New York kama 8,030. Jumla 13,180. Ni ziada ya kilomita 900 hivi, sawa na saa moja ya angani. Si mbaya hata kidogo, hasa kwa anayetaka kukwepa Nairobi. Dubai: 3,670 na 11,020, jumla 14,690. Hiyo ni ziada ya kilomita 2,400, karibu saa tatu angani, kwa sababu unaanza kwa kwenda upande usiokuwa wako. Nauli ikiwa nafuu sana basi, lakini kwa mama wa makamo singeichagua.

Kaunta ya Moi Avenue

Nizungumzie kufika Nairobi, kwa sababu hapo ndipo safari hizi huharibikia, si angani.

Namba moja: nunua tiketi moja inayoanzia Mombasa na kuishia New York. Usinunue Mombasa–Nairobi kwa shirika moja na Nairobi–New York kwa lingine kwa sababu umeona tofauti ya shilingi elfu mbili. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kumpandisha inayofuata. Zikiwa mbili, ndege kubwa ikimwacha hasara ni yenu. Tena kwa tiketi moja begi linaenda hadi mwisho. Pale kaunta ya Moi, kabla begi halijapita, soma kibandiko: kiwe kimeandikwa JFK, yaani Kennedy ya New York. Kikiwa kimeandikwa NBO, yaani Nairobi, mwambie karani arekebishe hapohapo, la sivyo mama atalazimika kulichukua Nairobi, alikokote kutoka jengo la safari za ndani hadi la safari za nje, na kupanga foleni upya.

Ndege ya Mombasa–Nairobi iko angani dakika 45 hadi 50. Kwenye ratiba wanaandika saa moja. Kwa ndege ya 23:15 chagua ya kutoka hapa kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, isiyozidi hapo. Safari ya Marekani ina ukaguzi wa pili mlangoni, maswali na kupekua mkoba, na kaunta hufungwa mapema kuliko safari nyingine.

SGR: treni ya saa tisa mchana kutoka Miritini inafika Syokimau karibu saa mbili usiku. Ushuke, utoke, upate gari, uingie kizuizi cha uwanja: unafika kaunta saa tatu. Ikichelewa nusu saa tu, uko matatani. Mimi simwambii mtu achukue hiyo kwa ndege ya siku hiyohiyo. Ya saa mbili asubuhi inasimama vituo vingi lakini inafika mchana, na hiyo ni salama. Upungufu wake ni kwamba mama atakaa uwanjani muda mrefu, na mizigo ya treni ni juu yenu wenyewe. Disemba tiketi za treni huisha mapema sana, kwa hiyo ukiamua hivyo usingoje wiki ya mwisho. Basi usilifikirie: kwa malori ya Mariakani na msongamano wa Mlolongo hakuna anayeweza kukuahidi saa ya kufika.

Mkiwa mnatoka kisiwani, toeni muda wa Makupa na Changamwe. Jioni barabara ya Magongo hujaa. Anayetoka Likoni au Diani apite Dongo Kundu, asitegemee feri siku ya safari.

Ukijumlisha yote: kutoka nyumbani saa nane na nusu mchana, ndege ya jioni, kusubiri, saa 15 angani, halafu uhamiaji na mizigo saa moja na nusu hadi mbili. Ni kama saa 25 au 26 tangu kufunga mlango hadi kukumbatiwa upande wa pili. Atakayempokea aambiwe asitarajie kumwona kabla ya saa mbili asubuhi ya New York.

Mengine ya haraka. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, au angalau saa 48 kabla. Ni bure, na anayekisukuma ndiye atakayempitisha foleni zote. Viungo vya pilau, unga, kahawa, chochote cha unga unga kinachozidi mililita 350 kisikae kwenye mkoba wa mkononi. Ni sharti la Wamarekani kwa ndege zinazokwenda kwao, na watu wa pwani hunyang'anywa viungo vyao kila siku kwa sababu hiyo. Weka kwenye begi la chini. Achari nayo chini, kwa sababu ni majimaji. Maembe mabichi na nyama visiende kabisa. Na kama ana ndege nyingine ya ndani ya Marekani, begi atalichukua New York, apite nalo forodha, kisha alirudishe kwenye mkanda; halivuki lenyewe hata kama kibandiko kinaonyesha mji wa mwisho.

Msafiri wa Bondeni

Na alfajiri inaingia lini akiwa huko juu? Wazee huuliza sana hili.

Uzi na Tufe

Ndege inakimbia upande uleule jua linakokwenda, lakini kwa kasi ya nusu yake. Inavuka nyuzi 111 za longitudo kwa saa 15, yaani nyuzi 7.4 kwa saa, na jua linakwenda nyuzi 15 kwa saa. Matokeo ni kwamba usiku unarefuka karibu mara mbili. Disemba jua linatua Nairobi karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na New York linachomoza karibu 07:15 yao. Mama atakaa takriban saa 20 na dakika 45 bila kuona jua. Weupe wa alfajiri utaonekana katika saa ya mwisho ya safari au karibu na hapo, abiria wakiwa wanafungwa mikanda kwa kutua. Atie udhu mapema, kwa sababu choo hufungwa ndege inapoanza kushuka. Asifuate saa ya Mombasa. Aangalie dirisha la upande wa nyuma ya bawa, mashariki iko nyuma yake. Hukumu ya kuswali kitini aulize sheikh wake kabla.

Kurudi ni kinyume: mchana unafupika. Ndege ikiondoka 12:30, jua litatua baada ya kama saa mbili na nusu tu angani. Adhuhuri ya New York Disemba huingia kabla ya saa sita kidogo, basi aiswali uwanjani kabla ya kupanda, na alasiri asiiweke mbali.

BintiKibokoni

Allah awalipe kheri. Nimeamua: tiketi moja kupitia Nairobi, ndege ya saa kumi jioni. Je, kurudi, akitua 10:15 asubuhi, ya Mombasa achukue ipi?

Kaunta ya Moi Avenue

Usichukue ya saa tano na nusu hata kama mfumo unairuhusu. Disemba foleni ya uhamiaji Nairobi ni ndefu asubuhi, kwa kuwa ndege nyingi za ng'ambo hutua wakati mmoja, na atapitia forodha palepale kabla ya kwenda jengo la safari za ndani. Chukua ya kati ya saa saba na saa tisa mchana.